Aliyechota Kwenye Pipa A

Vijana mnaolima saladi bila udongo, kuanzia nyinyi wa Sekei wenye mabomba matatu barazani hadi wale wa Terrat waliojenga chumba kizima chenye taa za zambarau, siku hizi mnanipigia simu sana. "Shikamoo bibi, majani yangu yanaungua pembeni." Baada ya marahaba, na kabla sijauliza habari za mbolea wala joto, huwa nauliza jambo moja tu: "Unamshuku nani?"

Wengi hucheka. Halafu jina linatoka. Jirani ambaye macho yake hayampendezi mtu. Shemeji anayepitapita na kushikashika mabomba. Yule muuza mbolea wa mjini. Sijapata mwenye bustani inayougua ambaye hana jina tayari mdomoni. Nami huwa nawaambia, hilo jina likalie, usimtajie mtu mwingine, shika kipimo tuanze mwanzo. Leo nataka niwaeleze kwa nini nasema hivyo. Mimi la kwangu nililitaja.

Kazi yangu yote ilikuwa kuchanganya chakula cha mimea. Nilianza nikiwa msichana kwenye shamba la maua upande wa Usa River, nikaacha mwaka juzi magoti yalipokataa kabisa ngazi za matangi. Aliyenifundisha ni Mzee Nathanaeli, fundi wa mbolea, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwa kali. Alikuwa na mapipa mawili makubwa ya bluu, A na B. Pipa A lina mbolea ya kalsiamu. Pipa B lina zile nyingine, za fosfati na salfeti na ndugu zao. Hayo mawili yakikutana ndani ya maji mengi hayana ugomvi. Yakikutana yakiwa mazito, yanagandana.

Hilo sikulijua kwa kusoma. Wiki yangu ya pili nilimimina mabaki ya pipa A ndani ya pipa B ili nipate chombo cha kuoshea. Nilipogeuka, pipa zima lilikuwa jeupe kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi mno. Nikadhani litatulia, nikawasha pampu. Vichujio vikaziba mstari mzima, na saa saba mchana mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa kama watu waliosinzia ibadani. Mzee Nathanaeli hakunigombeza. Alinipa kijiko cha chai, akaniambia nikwangue ule uji wote kwa kijiko hicho, akaleta kigoda akakaa kunitazama. "Umeiva?" akawa ananiuliza kila baada ya muda. "Bado tu haujaiva?" Hadi leo nikiona mtu anashika jagi moja kwa mapipa mawili, vidole vinaniuma.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutoamini. Kila mfuko ulioingia stoo aliugeuza kuangalia mshono. Mfuko wa kiwandani, alisema, umeshonwa na mashine, ukipata mwanzo wa uzi na kuvuta, unafunguka wote kwa mkupuo. Ukiona mafundo, ujue kuna mkono wa mtu umeingia. Alichukua punje akazisugua kati ya vidole, akazinusa, akaziyeyusha ndani ya glasi na kuinua glasi kwenye mwanga. "Usiamini mfuko," aliniambia, "wala usimwamini anayeuleta. Amini kipimo."

Nililishika somo hilo. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka nilikamata mfuko wenye mafundo, nikakuta mbolea imechanganywa na chumvi ya mawe. Meneja alinisifu mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo nikawa najulikana kama mwanamke asiyedanganyika. Ni sifa tamu sana hiyo. Ukishaipata unaanza kutafuta mahali pa kuitumia.

Sasa nije kwa Mama Nsia, aliyeniajiri nilipotoka shamba la maua. Huyu ni mfanyabiashara wa kutoka Kilimanjaro, ila Arusha amekaa miaka mingi, nyumba yake iko Sekei. Aliwahi kuuza vitenge, aliwahi kuuza vipuri. Akagundua kwamba hoteli za mjini na kambi za watalii zinataka saladi laini mwaka mzima, masika na kiangazi, isiyo na tope wala kiwavi. Akakodi ghala la zamani la kahawa si mbali na Makumira, akaziba madirisha, akaweka rafu za vyuma ghorofa nne na taa za zambarau. Mimea ikakaa kwenye mabomba meupe, mizizi ndani ya maji yanayotembea. Letusi, mnanaa, giligilani. Mara ya kwanza kuingia nilidhani nimeingia ukumbi wa harusi. Nikamuuliza, "Mama, jua liko wapi?" Akaonyesha juu kwa kidole: "Hilo hapo, nalilipia umeme."

Tulikuwa saba. Yeye mwenyewe, mimi fundi wa maji, wafungashaji wanne, na Elifuraha.

Elifuraha alikuwa muoshaji. Aliosha matangi, mabomba na trei. Mwanamke wa umri wa makamo, mjane, ameishia darasa la saba, tunasali usharika mmoja na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Nyumba yake iko juu mlimani, karibu na pale msitu unapoanzia, na kila asubuhi alikuwa anashuka kwa miguu. Si mtu wa maneno mengi. Aliweza kuosha bomba la mita sita bila kusema lolote zaidi ya "shika huku."

Kuhusu maji. Masika tulitumia ya mvua, tunayakinga kwenye matangi makubwa nyuma ya ghala. Kiangazi tuliletewa na boza, lile lori la tangi. Dereva wake, Godlisten, tulikubaliana naye achote kwenye chemchemi ya juu, ambako maji ni matamu. Mnaojua nchi yetu hii mnajua kwamba maji ya Meru si maji mamoja. Ya juu unakunywa na kuomba tena. Ya visima virefu vya chini yana magadi, na yana kile kitu kinachopaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Mimi nimezaliwa huko chini. Nikicheka mnaona.

Basi kiangazi kimoja letusi zikaanza kuumwa.

Ilianza kwenye ncha za majani, kahawia nyembamba kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha majani machanga yakatoka madogo, ya njano iliyofifia. Kambi moja ikarudisha makasha yote. Mama Nsia akaja na kasha moja mkononi, akaliweka juu ya meza yangu, akaondoka. Afadhali angenifokea.

Nikapima. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: unajaza tangi kubwa maji, unamimina jagi la A, unakoroga, unamimina jagi la B, unakoroga, unapima, unaongeza, mpaka kipimo cha chumvi kisome moja nukta nane. Hapo chakula kimetosha. Kilisoma moja nukta nane. Kesho yake moja nukta nane. Nikakisafisha kipimo, nikakirekebisha kwa yale maji yake maalumu, nikarudia. Moja nukta nane. Nilikuwa nimefundishwa kuamini kipimo, na kipimo kilisema kila kitu ni sawa. Kwa akili yangu ya wakati ule, kama kipimo hakina kosa, basi mwenye kosa ni mtu.

Nikaanza kuangalia stoo, na stoo ikanipa mambo mawili ya ajabu. La kwanza, mifuko ya mbolea ilikuwa haiishi. Mfuko tuliozoea kuumaliza kwa wiki mbili ulikuwa wiki ya nne na bado una zaidi ya robo. La pili, asidi ya kushushia pH ya maji ilikuwa inaisha mbio, dumu baada ya dumu.

Kaeni hapo mfikiri. Mfuko usioisha na dumu linaloisha mbio. Mzee Nathanaeli angekuwepo labda angekaa kwenye kigoda chake akaliona jibu. Mimi nililiona jibu langu dakika ile ile: kuna mtu anachota mbolea nzuri na kurudishia takataka ili mfuko uonekane umejaa, na asidi anaibeba kwenda kusugulia choo kwake au kuuza. Niliangalia mishono yote. Hakuna fundo. Hata hilo halikunizuia. Nikajiambia, huyu ni mjanja, anapitia mdomo ambao tumeshaufungua wenyewe.

Katika siku hizo hizo Elifuraha alinijia nikiwa nakoroga tangi. Alisimama na kitambaa chake cha kuoshea.

"Dada, maji haya yanateleza."

"Elifuraha, maji yote yanateleza. Ndiyo kazi yake."

"Siyo hivyo. Sabuni haitoki kwenye trei. Nasuuza mara tatu."

"Basi punguza sabuni."

Aliitikia "haya," akaenda. Mimi nikabaki najiuliza kwa nini mtu wa kuosha trei anajishughulisha na maji ya tangi langu. Ndivyo shuku inavyofanya kazi. Alikuja kunipa jibu mkononi, nikamhesabia kosa.

Kuanzia hapo nikawa namwona kila mahali. Niligundua anakuja na kidumu cha njano. Anaingia nacho kimejaa, anatoka nacho kitupu. Nikajiuliza anamwaga nini humu ndani. Nikaweka alama ya kalamu kwenye mifuko. Nikabandika utepe kwenye mfuniko wa pipa A, nikaukuta umebanduka. Nikawaambia wafungashaji, kwa sauti ya chini ile ambayo kila mtu anaisikia, "Mfungue macho, kuna mtu humu si mwenzetu." Sikutaja jina siku hiyo. Nilitazama tu upande wa karo la kuoshea, na wao wakatazama nilikotazama.

Siku niliyomkamata ilikuwa asubuhi, nimewahi makusudi. Nilisukuma mlango wa chumba cha matangi, nikamkuta ameinama juu ya pipa A na kikombe cha plastiki mkononi. Kile kidumu kilikuwa sakafuni kando yake, na kikombe kimejaa mbolea nusu.

"Unafanya nini hapo?"

Alishtuka, maji yakamwagikia kanga yake. "Kuna kitu najaribu, dada."

"Unajaribu kuiba."

Alinitazama. Nasema alinitazama, kwa sababu ndicho kitu kilichobaki na mimi muda mrefu. Uoga sikuuona usoni pake. Alikuwa kama mtu aliyegonga mlango, akasikia wenyewe wanazungumza ndani, na hawakumfungulia. Akarudisha kile kikombe kwenye pipa polepole, akafunika.

Nilimwita Mama Nsia kwa simu. Alipofika nikaeleza yote mbele ya wafungashaji: mifuko, asidi, utepe, kidumu, kikombe. Nilipanga maneno vizuri kama wakili. Mama Nsia akamgeukia.

"Elifuraha, ni kweli umechota?"

"Nimechota."

"Ya nini?"

Akanitazama mimi tena. "Nilishamwambia fundi habari za maji. Hakunisikia. Sasa mbele ya watu nikiongea nitaonekana najitetea."

Mama Nsia alikuwa na makasha yaliyorudishwa na mteja wa pili anayetishia kuondoka. Alimlipa siku zake akamwambia aende. Elifuraha akakunja kitambaa chake, akakianika kwenye ukingo wa karo, akatoka. Kidumu alikiacha.

Mimi nililala vizuri, nisiwadanganye. Nilijiona mtu wa maana.

Siku nne baadaye trei zilikuwa zimerundikana, kwa kuwa muoshaji hayupo. Nikakunja mikono nikaanza kuosha mwenyewe. Nikapaka sabuni, nikasuuza. Mikono ikateleza. Nikasuuza tena, bado inateleza, kama nimeshika kambale. Nikasimama pale na maji yanatiririka, nikakumbuka mama yangu akinisugua miguu kwenye beseni nikiwa mdogo, huko chini, sabuni haitaki kuachia ngozi, na yeye analalamika, "Maji ya magadi haya." Mimi, mwenye meno haya, nilikuwa nimeambiwa maji yanateleza nikajibu kwamba ndiyo kazi yake.

Nilikwenda nyuma ya karo kutafuta kitambaa cha kukaushia mikono. Pana rafu pale ya kuwekea brashi, na taa moja ya zambarau ambayo nilidhani imeharibika. Ilikuwa inawaka. Chini yake kulikuwa na trei mbili ndogo, kila moja na miche kumi na miwili ya letusi. Pembeni mwa trei amebandika utepe, ule ule wangu wa pipa A, na kuandika kwa kalamu herufi kubwa. Moja: MAJI YA NYUMBANI. Nyingine: MAJI YA BOZA.

Za boza zilikuwa zimeungua ncha. Za nyumbani zilikuwa kijani mpaka unatamani kuzila hapo hapo. Siku nne hakuna aliyezitazama, maji yalikuwa yamepungua, na bado zilikuwa kijani.

Nilitafuta ndoo nikaigeuza nikakaa juu yake.

Kidumu kilikuwa cha maji ya chemchemi ya kwao. Alikuwa anakibeba kutoka mlimani kila asubuhi, anachota kidogo A na kidogo B kama alivyoniona nikifanya miaka yote, analisha trei hiyo moja, na ile nyingine anailisha maji yetu. Mbegu moja, taa moja, chakula kile kile, tofauti ni maji tu. Mnaosoma vyuoni mnajua jambo hilo linaitwaje. Yeye hakuwa na jina lake. Alikuwa na watu wasiomsikiliza, ikabidi aulize mimea.

Nilichukua kipimo nikaenda kwenye tangi la maji ghafi, yaliyotoka kwenye boza jana yake, hayajatiwa kitu. Nilikitumbukiza. Moja nukta moja. Maji matupu! Ya chemchemi hayafiki hata nukta mbili. Hapo mifuko yangu yote isiyoisha ikajieleza yenyewe. Kipimo cha chumvi, wanangu, kinahesabu chumvi tu. Hakijui hii ni chakula na hii ni magadi. Maji yalikuja yakiwa yameshabeba moja nukta moja ya magadi, mimi namimina mbolea kidogo tu, kinafika moja nukta nane, naacha. Mimea ilikuwa inakunywa magadi na kulala njaa, mbolea imebaki mfukoni. Na asidi? Maji ya magadi yanaimeza asidi kama mchanga unavyomeza mvua. Mwizi hakuwepo. Kwa hiyo andikeni hili ukutani kwenu: pima maji kabla hujatia chochote, kila yanapoletwa, hata kama yanaletwa na baba yako mzazi.

Godlisten alipofika na boza nilimsubiri getini.

"Godlisten, haya maji umechota wapi?"

"Kule kule, mama."

"Kule kule wapi?"

Akavua kofia. "Barabara ya juu imechimbwa, mama, wanaweka mabomba. Nikawa nachota kisimani huku chini. Lakini mama, si maji ni maji tu?"

Sikuwa na nguvu za kumgombeza. Siku hiyo nilipanda naye mpaka chemchemini kwa njia ya kuzunguka, nikapima pale pale, nikaona nukta moja na kitu, tukajaza. Tukamwaga matangi yote, tukaanza upya. Baada ya siku kumi majani machanga yakatoka mapana na ya kijani.

Sasa hapa ndipo kuna sehemu ninayoona aibu kuisimulia kuliko zote. Yote yaliyotangulia ni makosa. Hii ni nyingine.

Sikumwambia mtu. Nilizitoa zile trei mbili rafuni nikaziweka nyuma ya matangi. Godlisten nilimwambia afunge mdomo wake, naye alifurahi kuufunga. Nilijiambia nitaeleza letusi zikishapona kabisa. Zilipopona, Mama Nsia alipita kwenye rafu akishika majani, uso umemng'aa, akasema mbele ya wafungashaji wote:

"Mnaona? Tumemtoa mwizi, saladi zimepona."

Wafungashaji wakaitikia. Mmoja akasema alikuwa anamshuku Elifuraha tangu zamani. Mwingine akasema hata usharikani watu walikuwa wanajua. Wanajua nini! Nikaenda kukoroga tangi lililokwishakorogwa.

Jumapili kwaya ya akina mama ilisimama kuimba. Elifuraha hakuwa mahali pake. Nikageuka, nikamwona benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na kwenye benchi lile amekaa peke yake ingawa kanisa limejaa. Watu wamebanana mabenchi ya mbele, lile la kwake lina nafasi ya watu watano. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu nafasi zile.

Jumatatu nilimfuata Mama Nsia nyumbani kwake Sekei kabla hajatoka. Nilizibeba zile trei mbili kwenye kasha, nikaziweka juu ya meza yake. Nikaeleza kila kitu mpaka kuficha kwangu. Alisoma ule utepe mara mbili.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na ukaniacha nikamwita mwizi mbele ya watu, kwa mdomo wangu."

"Ndiyo, mama."

Akazisogeza trei kando, akasema, "Nenda ukamlete. Usipomleta usirudi na wewe."

Nilipanda mlima kwa miguu. Elifuraha alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Aliponiona hakuacha kukata. Nilisema niliyokwenda kusema, na nilisema vibaya, maneno yanagongana. Aliponiona nimemaliza akaweka panga chini.

"Unaniomba msamaha hapa, mimi na wewe na ng'ombe."

"Ndiyo."

"Uliponisema tulikuwa mimi na wewe na ng'ombe?"

Nilitazama lile panga chini.

"Uliponisema mlikuwa watu sita," akasema. "Na kila mmoja ana kwao alikoipeleka habari. Nitarudi, kwa sababu nina watoto wanaosoma. Lakini utasema mbele ya wote. Na usharikani, kwa akina mama, utasema. Na jambo jingine. Chumba cha matangi kiwekwe kufuli, na ufunguo ukae kwangu. Wewe ukitaka kuingia utaniita, nitakufungulia, nitasimama mpaka utoke. Siku kitu kikipotea tena, nataka nijue nani aliingia."

"Mimi ndiye fundi, Elifuraha. Naingia mara kumi kwa siku."

"Basi nitafungua mara kumi."

Nilisema mbele ya wafungashaji, nikiwa nimeshika trei mkononi ili wasome wenyewe. Yule aliyedai kumshuku tangu zamani aliangalia viatu vyake. Kwa akina mama wa usharika ilikuwa vigumu zaidi, kwa maana wao waliniuliza maswali, na maswali ya akina mama mnayajua. Jumapili iliyofuata Elifuraha aliimba. Sauti ya pili ile ile, wala hakuangalia upande wangu.

Mama Nsia alimpandisha cheo, akawa anapima maji ghafi kila boza linapokuja. Alikuwa na daftari lake, na Godlisten alimwogopa kuliko trafiki. Baadaye vikaja vipimo vinavyotuma ujumbe kwenye simu, vinalia vyenyewe maji yakibadilika. Vizuri sana, ninavipenda. Elifuraha alivipokea, na bado kila asubuhi alichovya kidole tangini akakisugua na kidole gumba.

Na ufunguo? Miaka iliyobaki ya kazi yangu niliomba kufunguliwa. Mara kumi kwa siku kweli, siku nyingine kumi na mbili. Alikuja, alifungua, alisimama mlangoni amekunja mikono, nilichanganya A, nilichanganya B, nilitoka, alifunga. Hatukugombana hata siku moja. Tuliongea habari za pampu, za mbegu, za shule za watoto wake. Nilidhani mwaka mmoja ukipita ataniachia niingie mwenyewe. Nikadhani labda miwili. Niliacha kudhani.

Siku yangu ya mwisho walinikatia keki, Mama Nsia akanivisha shuka la Kimasai jekundu, wafungashaji wakapiga vigelegele. Baada ya yote nikamfuata Elifuraha karoni.

"Naomba unifungulie niyaage matangi. Na leo, kama hutajali, niingie peke yangu."

Alifuta mikono kwenye kanga, akafikiri, na alifikiri kweli, sikuona haraka usoni kwake. Kisha akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli, akasogea pembeni.

"Ingia," alisema. "Lakini mlango uache wazi."